Bolti Iliyokatikia Ndani ya Hedi

Sauti ya manifodi ya ekzosi inayovuja, kile chuma kinachokusanya moshi wa silinda na kuupeleka kwenye bomba, inawadanganya watu wengi hapa Mwanza. Gari linawashwa alfajiri, linapiga tik-tik-tik inayokwenda na mzunguko wa enjini, dereva anaambiwa ni tapeti, vile vyuma vinavyosukuma vali, anauziwa oili nzito. Baada ya dakika chache kelele inapungua, naye anaamini oili imesaidia. Kumbe manifodi imepata moto, chuma kimetanuka, ule mwanya umejiziba kwa muda. Kesho yake sauti iko palepale.

Nimefanya kazi gereji za Igoma na Nyakato kwa miaka ya kutosha, na nikiisikia sauti hiyo sikimbilii kufungua kava la vali. Nachukua tochi, naangalia pale manifodi inapokutana na hedi, kichwa cha enjini, kama kuna masizi meusi, kisha nahesabu vichwa vya bolti na nati. Mara nyingi kuna kimoja kinakosekana, na mara nyingi ni cha mwisho kabisa, upande wa mbele au wa nyuma.

Za mwisho ndizo zinazoteseka, na sababu yake inahesabika. Hedi za magari mengi tunayotengeneza ni za alumini, manifodi nyingi ni chuma cha kumimina. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho, lakini hedi ina maji yanayoipoza, inakaa karibu na digrii 90 za Selsiasi. Manifodi haina wa kuipoza. Gari lililopakia likipanda kilima cha Bugando kwa gia ndogo, chuma cha manifodi kinaweza kufika digrii 500 na kuendelea. Chukua manifodi yenye urefu wa milimita 400: hedi iliyo nyuma yake inarefuka kama milimita 0.6, manifodi yenyewe inarefuka kama milimita 2. Tofauti ni karibu milimita moja na nusu, na yote inabidi iteleze chini ya nati zilizokazwa. Ya katikati haisikii kitu. Za pembeni zinasukumwa huku na huku kila gari linapopata moto na kila linapopoa, mwaka hadi mwaka, mpaka chuma kinachoka. Siku ya kukatika, dereva anaweza kuwa amesimama tu kituoni anasubiri abiria.

Halafu kuna kutu. Ziwa letu ni la maji baridi, hatuna chumvi ya bahari ya kulaumu kama wenzetu wa Tanga. Kutu nyingi ninayokutana nayo imekuja na gari lenyewe. Magari ya mtumba kutoka Japani, hasa yaliyotumika kaskazini kama Hokkaido, yamepita misimu ya theluji kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Unalipokea gari rangi inang'aa, ukiingia chini unakuta nati za ekzosi zimeliwa na kutu mpaka soketi namba 14 inapwaya na ya 13 haiingii. Na sisi wenyewe tunaongeza. Kuna tabia ya kushusha gari hadi ukingoni mwa ziwa na kumwagia enjini maji kwa ndoo ikiwa bado ya moto. Chuma cha kumimina kikipigwa maji ya baridi ghafla huweza kupasuka. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na oili inayosombwa hapo inakwenda kwenye maji yaleyale yanayotupa sato na dagaa. Ningeomba tabia hiyo iachwe kwa sababu zote mbili.

Kazi iliyonifanya niyachukulie haya mambo kwa uzito wake ililetwa na mama mmoja wa Sengerema. Tulikuwa tunamwita Mayu, kama tunavyowaita akina mama wa Kisukuma wenye heshima zao. Alikuwa na Toyota Noah, na alichokuja kulalamikia ni mafuta: gari linakunywa kuliko zamani. Tukiwa tunaongea akataja kwa kupita tu kwamba watoto siku hizi wanaumwa kichwa na kusinzia wakiwa kwenye foleni ya kivuko. Wakati huo Daraja la Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilikuwa halijafunguliwa, hilo limekuja kufunguliwa Juni 2025. Watu walikuwa wanakaa foleni Kigongo kwa muda mrefu, enjini inawaka, vioo juu, kiyoyozi kinafanya kazi.

Nilipofungua boneti nilikuta masizi yamepaka hedi upande wa silinda ya mwisho, na nati moja haipo kabisa. Hapo malalamiko yote mawili yalipata jibu moja. Moshi wa ekzosi hautoki kwa mkondo ulionyooka. Unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo ule mwanya unavuta hewa ya nje kuingia ndani. Kisoma oksijeni kilichoko baada ya manifodi kinaikuta hewa hiyo, kinaiambia kompyuta kwamba mafuta ni machache, kompyuta inaongeza mafuta. Ndiyo maana gari linakunywa. Na moshi unaotoka unapanda kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, feni ya kiyoyozi inauvuta hadi kwa abiria. Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na inashikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtoto aliyesinzia kwenye foleni, mzazi anadhani ni uchovu wa safari.

Nikamwambia, "Mayu, hili gari leo halilali Sengerema."

"Fundi, kesho nina msiba Busisi."

"Utapanda basi, Mayu. Watoto wasiingie humu mpaka nimalize."

Alikasirika kidogo, nami nilimwelewa. Ila sikurudisha ufunguo.

Kuhakikisha uvujaji si kazi ngumu, na haitaki mashine ya gharama. Enjini ikiwa imezimwa na imepoa, unachukua kompresa ya kujazia matairi, unapuliza hewa ya presha ndogo kwenye mdomo wa bomba la nyuma huku umelizungushia kitambaa, kisha unapaka maji ya sabuni kwenye maungio yote. Palipo na tatizo povu linachemka. Naipenda njia hii kwa sababu mteja anaona kwa macho yake.

Kufungua ndiko kunakotenganisha mafundi. Wengi wanaingia na soketi ya pembe kumi na mbili, wanachomeka bomba refu kwenye mpini ili kupata nguvu, wanavuta. Nati iliyoliwa na kutu inataka soketi ya pembe sita, inayokamata ubavu wote wa nati. Inataka pia oili ya kulainisha kutu ipuliziwe jioni, irudiwe asubuhi, kabla spana yoyote haijaguswa. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akipulizia dawa anafunga boneti na kwenda kushika gari lingine kabisa, na mteja akihimiza anamjibu kwa upole kwamba kazi imeshaanza.

Asubuhi unaanza kwa kukaza. Kidogo sana, ule mkao wa kutu ukatike, ndipo ufungue. Robo mzunguko mbele, nusu ya hiyo nyuma, unapulizia tena. Na hapa kuna kitu ambacho ningetamani kila kijana anayeingia gereji akijue kwa mkono wake kabla hajapewa spana ndefu. Nati inayokubali hulia. Inatoa mlio mkavu, kwiii, unausikia hadi kwenye kiganja, na ukiacha kuvuta inakaa pale ilipofika. Stadi, ile bolti isiyo na kichwa ambayo nati hukazwa juu yake, ikitaka kukatika haitoi mlio. Inakuwa laini ghafla. Spana inakwenda bila kelele, unahisi kama umeshinda, na ukilegeza mkono inarudi nyuma kidogo. Huko kurudi ndiko kwenye habari yote: nati haijasogea hata kidogo, ni stadi inayojisokota ndani. Ukiendelea hapo, umeikata. Ukisimama hapo, bado unayo.

Kwenye Noah ya Mayu mbili zililia, ya tatu ikawa laini. Nikamzuia dogo niliyekuwa naye, tukaleta gesi. Moto unaelekezwa kwenye nati peke yake, stadi isiguswe, ili nati itanuke na kuachia. Inapofika wekundu uliofifia unaondoa moto, unasubiri wekundu uishe, unagusisha mshumaa wa kawaida juu ya uzi. Nta inayeyuka na kunywewa ndani, pale ambapo oili ingeungua kwanza. Unajaribu tena. Ile ya tatu ililia. Dogo alicheka kwa furaha, na mimi pia, sioni aibu kusema. Ila kabla ya kuwasha moto wowote hakikisha hakuna petroli inayovuja kwenye nozeli, nyaya zimefunikwa, na mtungi wa kuzimia moto uko karibu na mkono wako, umejazwa.

Ya nne ndiyo iliyokuwa imekatika zamani, usawa wa uso wa hedi. Kuna gereji ilishawahi kuigusa. Walikuwa wamekata bati la kopo la soda kuziba mwanya na kupaka silikoni juu yake. Alumini huyeyuka kwenye digrii 660, na moshi wa enjini ya petroli inayofanya kazi nzito unazidi hapo kirahisi. Silikoni nyekundu inayouzwa madukani uwezo wake uko kwenye digrii mia tatu na kitu. Mteja alilipia kitu ambacho hakikuwa na namna ya kudumu, huku watoto wake wakiendelea kuvuta moshi. Hili linaniuma, kwa sababu aliyefanya vile alijua.

Stadi iliyokatika ikiwa imebakiza kipande nje, kazi ni nyepesi: nati mbili zinabanana juu yake na unafungulia ile ya chini. Ikiwa usawa wa hedi au chini kidogo, njia ninayoiamini kuliko zote ni kuchomelea. Unaweka washa, kile kiduara cha chuma chenye tundu, juu ya kipande, unachomelea katikati ya tundu la washa mpaka chuma kijae, unaweka nati juu yake, unachomelea tena ndani ya nati. Chuma cha kuchomelea hakishiki kwenye alumini, kwa hiyo hedi haidhuriki ukiwa na mkono mtulivu. Na joto lile ndilo linalovunja kutu. Tumia washa na nati nyeusi zisizopakwa zinki, moshi wa zinki ukiuvuta unakupa homa. Chomoa betri kwanza, na klipu ya ethi, ya ule waya wa kurudishia umeme kwenye mashine, iwe karibu kabisa na unapochomelea, usije ukaua alteneta na kompyuta ya mtu. Kisha acha ipoe yenyewe, usimwagie maji. Ikipoa, mbele kidogo, nyuma kidogo. Inaweza ikang'oka nati bila stadi. Unachomelea nyingine. Kila joto linalegeza kidogo.

Kutoboa na drili naweka mwisho. Kipande kilichokatika kina uso wa mteremko, drili inapenda kukimbilia kwenye alumini iliyo laini, na ukishatoboa pembeni umeharibu tundu la hedi nzima. Nikilazimika, naenda kwa mkerezaji anitengenezee bushi inayoingia kwenye tundu la manifodi, naifunga manifodi mahali pake kwa bolti zilizobaki, bushi inashika drili katikati. Naanza na milimita 3, napanda taratibu. Kwa stadi ya milimita 8 yenye uzi wa 1.25 tundu la kutapu, yaani kuchonga uzi mpya, ni 6.8. Kwa ya milimita 10 yenye uzi huohuo wa 1.25 ni 8.8. Vile vifaa vya kung'olea vinavyochomekwa ndani ya tundu na kuzungushwa kinyume navishauri kwa bolti ambayo haijashikwa na kutu tu. Ni vya chuma kigumu kinachokatika kirahisi, na kikikatikia ndani drili ya kawaida haikitoboi. Hapo hedi itashuka, na bili inakuwa nyingine kabisa.

Stadi ikishatoka, mafundi wengi wanaona wamemaliza. Kwangu hapo swali ndilo linaanza: kwa nini ilikatika hii na si nyingine? Nalaza rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso wa manifodi, napitisha fila, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Manifodi iliyopinda ukiifunga kwa nguvu itanyooka siku hiyo, kisha itakata stadi mpya kama ilivyokata ya zamani. Inatakiwa kusagwa uso, au kubadilishwa. Naingia chini naangalia mipira inayoning'iniza bomba la moshi. Mmoja ukiwa umekatika, uzito wote wa bomba unavuta manifodi kila gari linaporuka shimo. Naangalia na mauntingi za enjini, zile zinazoishikilia kwenye gari. Kwenye Noah ile mauntingi ya nyuma ilikuwa imekufa, enjini inacheza kila unapotia gia, na bomba linaikataza isicheze. Waliokuwa wanaamua huo ugomvi ni zile stadi.

Kurudisha ni kwa upole. Stadi ziwe za ekzosi, zilizotengenezwa kuvumilia joto. Bolti ya duka la vifaa vya ujenzi inalegea inapokaa kwenye moto, na zinki yake inayeyuka kwenye digrii 420. Grisi ya shaba kidogo kwenye uzi, ili atakayefungua baadaye asiteseke. Gasketi mpya ya bati, bila silikoni. Unakaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyopangiwa enjini hiyo. Kwenye manifodi nyingi matundu ya pembeni yametobolewa makubwa kuliko stadi. Hayo yameachwa makusudi ili chuma kipate pa kuteleza. Nimeona fundi akiyajaza kwa kuchomelea "ili ikae imara". Atakata stadi mpaka ajue kwa nini.

Bati la kukinga joto nalo halina watetezi. Bolti zake ni nyembamba, za milimita 6, kichwa namba 10, ndizo zinazooza za kwanza. Bati linalegea, linapiga kelele kwenye mawe ya Nyakato, dereva anasema litoe, fundi anatoa, linaishia kwa wauza vyuma chakavu. Kelele imeisha na kila mtu ameridhika. Miezi inapita, waya za plagi zinakauka na kupasuka, ganda la nyaya za stata linayeyuka, mpira wa breki uliopita karibu unakuwa mgumu. Mteja anarudi na tatizo la umeme, na hakuna anayekumbuka bati.

Bolti ya bati ikikatika siihangaikii kwa nguvu kama ya manifodi. Pulizia dawa, pasha kidogo, jaribu, ikikataa toboa na utapu. Palipooza kwenye bati lenyewe, washa pana ya chuma kisichoshika kutu inashika sehemu ambayo bado ni nzima. Kwa bati linalozunguka bomba chini ya gari, klipu ndefu ya hosi ya chuma kisichoshika kutu inalibana kwa gharama ndogo na linanyamaza kabisa. Usilikunje ligusane na bomba. Kinachokinga ni ile nafasi ya hewa iliyopo katikati.

Kwa magari yanayoingia vijijini Magu, Kwimba na Misungwi wakati wa kiangazi, wakati wa kubeba pamba, bati la chini ndilo ninaloangalia kwanza. Gari linapita juu ya majani makavu yanayofika tumboni, linasimama shambani likiwa la moto, na katalitiki, kile kisafisha moshi cha kwenye bomba, iko huko chini ikiwa na joto la mamia ya digrii. Majani na nyuzi za pamba hujisokota kati ya bati na bomba. Natumia waya mwembamba uliopindwa ncha kuyavuta nje, na wateja wangu wa huko nimewaonyesha namna ya kufanya wenyewe, gari likiwa limepoa, kila wanapotoka shambani. Mayu sasa anapita darajani bila foleni. Alipoleta gari kukazwa tena stadi baada ya mwezi, lilikuwa limelala gerejini usiku kucha ili liwe la baridi kama nilivyomwomba. Nati zote zilikuwa kwenye kipimo isipokuwa moja, ya mwisho upande wa nyuma, niliyoiongeza kidogo.